Kadi ya ukaazi ya Marekani ya mke au mume inaisha: uondoe masharti, ubadilishe kadi au uombe uraia?

Wiki mbili kabla ya Ramadhani mdogo wangu alinipigia video kutoka Columbus, Ohio. Huku Wete, Pemba, ilikuwa saa tano usiku, kwao saa tisa alasiri, na mtoto alikuwa akilia nyuma yake. Hata salamu hazikwisha. Aliisogeza kadi yake ya ukaazi mbele ya kamera mpaka nikaisoma tarehe: 16 Februari 2026. "Dada, zimebaki siku kumi na moja, na ile fomu tuliyopeleka imekataliwa."

Fomu yenyewe ilikuwa I-90. Mtu waliyemlipa awajazie, aliyejitangaza kuwa anayajua mambo ya uhamiaji, aliona kadi inaisha akajaza fomu ya kubadilisha kadi. Kumbe kadi ya mdogo wangu haishughulikiwi kwa fomu ile. Ada haikurudi, na wiki walizokuwa wakisubiri jibu zilikuwa zimekwenda bure.

Mimi nina duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Wete, kwa hiyo vyeti vingi vya ndoa vinavyokwenda Marekani, Uingereza na Kanada hupita kwenye skana yangu. Si wakili. Usiku ule tulikaa mpaka karibu na daku tukizisoma fomu moja baada ya nyingine, na tangu hapo kila mzee anayeingia dukani na bahasha ya kaki namuuliza kwanza: kadi ya huyo mwanao ni ya miaka mingapi? Wengi hawajui, na mara nyingi hata mwenye kadi mwenyewe hajui. Ndiyo sababu ya kuandika haya.

Isome kadi kabla ya fomu

Kadi ya kijani anayopewa mke au mume wa raia wa Marekani iko ya aina mbili, na kwa macho zinafanana. Siku mtu anapopata ukaazi, kama ndoa haijatimiza miaka miwili, anapewa kadi ya miaka miwili yenye masharti. Kama ndoa imeshapita miaka miwili, anapewa ya miaka kumi. Utaratibu huu wa masharti umetokana na sheria ya mwaka 1986 iliyotungwa kuzuia ndoa za kughushi, zile za kutafutia karatasi tu.

Tazama sehemu iliyoandikwa "Category". Ukiona CR1 au CR6, kadi ni ya masharti. Ukiona IR1 au IR6, ni ya miaka kumi. Kisha linganisha tarehe ya "Resident Since" na ile ya "Card Expires". Miaka miwili katikati yake, au kumi? Hapo umeshapata nusu ya jibu.

Tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mwenye kadi ya miaka kumi, kadi ikiisha, yeye bado ni mkaazi halali. Kilichochakaa ni kitambulisho. Atasumbuka kazini na uwanja wa ndege, na sheria inamtaka mtu mzima atembee na kadi iliyo hai, lakini haki yake ya kuishi kule haijafutika. Mwenye kadi ya miaka miwili asipopeleka ombi, ukaazi wake wenyewe unakatika siku ile ile kadi inapoisha, na anaweza kuitwa mbele ya jaji wa uhamiaji. Kwa hiyo neno "kurinyu", ambalo sote tunalitumia kwa kila kitu kuanzia leseni hadi pasipoti, ndilo linalowaponza watu. Kadi ya miaka miwili hairinyuiwi. Unaomba masharti yaondolewe, na ukikubaliwa ndipo unapewa ya miaka kumi.

Fomu tatu, zikiwekwa pamoja

| | I-751: kuondoa masharti | I-90: kubadilisha kadi | N-400: uraia |
|---|---|---|---|
| Ni ya nani | Kadi ya miaka miwili | Kadi ya miaka kumi | Aliyetimiza miaka 3 au 5 ya ukaazi |
| Inapelekwa lini | Ndani ya siku 90 kabla kadi haijaisha | Kuanzia miezi 6 kabla | Kuanzia siku 90 kabla ya kutimiza miaka hiyo |
| Ada | Dola 750 | Dola 415 mtandaoni, 465 kwa karatasi | Dola 710 mtandaoni, 760 kwa karatasi |
| Barua ya mapokezi, inayotoka ombi likipokelewa, inaiongezea kadi muda wa | Miezi 48 | Miezi 36 | Miezi 24, kwa kadi ya miaka kumi |
| Usipopeleka | Ukaazi unakatika | Ukaazi upo, usumbufu mwingi | Hakuna kosa, unabaki mkaazi |

Ada hizo ni za viwango vilivyoanza tarehe 1 Aprili 2024, na mwenye kipato kidogo anaweza kuomba apunguziwe ile ya uraia. Jambo jingine lililomkamata shemegi yangu: tangu mwisho wa Oktoba 2025 idara ya uhamiaji ya Marekani, USCIS, haipokei tena hundi wala hawala za posta kwa fomu za karatasi. Unalipa kwa kadi ya benki kupitia fomu G-1450, au moja kwa moja kutoka kwenye akaunti kupitia G-1650. Yeye alikuwa ameshanunua hawala na kuitia ndani ya bahasha. Angeituma vile, bahasha nzima ingerudi, na zimebaki siku kumi.

Kuhusu I-90 sina mengi ya kusema. Ni fomu nyepesi, ni ya kadi ya miaka kumi, na pia kwa kadi iliyopotea au yenye jina lililokosewa. Ukiwa na kadi ya miaka miwili inayoisha, iache.

I-751 mkiwa pamoja

Kama ndoa ipo na mnaishi pamoja, njia ni hii wala hakuna cha kuchagua. Mke na mume mnasaini wote wawili. Kwa kadi ya mdogo wangu iliyoisha 16 Februari 2026, dirisha lilifunguka 18 Novemba 2025. Ukipeleka kabla ya dirisha unarudishiwa, ukipeleka baada ya kadi kuisha unatakiwa ueleze kwa maandishi sababu nzito iliyokuchelewesha, na afisa ndiye anayeamua kama ni nzito. Mtoto wako wa ndoa ya zamani aliyepata ukaazi pamoja na wewe, au ndani ya siku 90 baada yako, anaingia kwenye fomu hiyo hiyo.

Shida kubwa kwa watu wetu haiko kwenye fomu. Iko kwenye ushahidi. USCIS wanataka kuona maisha ya watu wawili yaliyoingiliana: mkataba wa nyumba wenye majina yote, kodi ya mapato waliyoijaza pamoja, akaunti ya benki ya wote wawili, bima ya gari na ya afya, vyeti vya watoto. Sasa mtazame mwanamke aliyelelewa Pemba. Kulishwa, kuvishwa na kuwekwa ndani ni wajibu wa mume, hajaona haja ya jina lake kuwa kwenye bili ya umeme. Fedha zake ziko kwenye dhahabu na kwenye mchezo wa kuchangishana fedha anaoucheza na wenziwe. Baada ya miaka miwili ya ndoa njema kabisa, hana hata karatasi moja yenye jina lake na la mumewe.

Hivyo ndivyo alivyokuwa mdogo wangu, au alivyodhani. Nilimwambia afungue kabati aniletee kila karatasi, hata ile anayoiona haina maana. Ikatoka ya hospitali siku aliyojifungua, mume ameandikwa ndiye wa kuitwa ikitokea dharura. Ikatoka bima ya gari, kaandikwa dereva wa pili. Zikatoka risiti za fedha ambazo shemegi alikuwa akimtumia mama yetu kila mwezi, na hizi naziona zina nguvu, maana mtu hamtumii mama mkwe fedha miezi ishirini kwa ndoa ya mchezo. Kodi walishaijaza pamoja mara moja bila yeye kujua, alisaini tu. Kufika saa nane usiku tulikuwa na rundo.

Picha nazo zina kisa chake. Nikahi kwetu hufungwa msikitini: bwana harusi na walii, wanaume wamekaa kwenye majamvi, kanzu na kofia. Bibi harusi yuko nyumbani na wanawake wenzake, hina na piko mikononi. Katika picha arubaini za harusi yao nilizoskani, waliopigwa wawili pamoja ni nne. Afisa asiyeijua Zanzibar ataona sherehe mbili za watu tofauti. Msiziache, ziambatanisheni na maelezo mafupi: hii ni nikahi, hivi ndivyo inavyofungwa, bibi harusi hahudhurii. Ila uzito uwe kwenye picha za baada ya harusi, kwa sababu I-751 inauliza mmeishi vipi tangu mpate kadi, wala si mlivyooana.

Halafu majina. Sisi tunabeba jina letu, la baba na la babu, na mwanamke akiolewa hachukui la mume. Kule mke mwenye jina la mwisho tofauti na la mumewe ni jambo la kawaida, lakini mtoto mwenye jina la mwisho lisilofanana na la mama wala la baba linamshangaza mtu. Ongeza na tahajia zetu: cheti cha kuzaliwa kinasema Hamis, pasipoti Khamis, cheti cha ndoa Salum, kadi Salim. Andikeni ukurasa mmoja wa kueleza, na fomu ina mahali pa majina mengine uliyowahi kutumia. Jaza tahajia zote. Ukitaka cheti cha kuzaliwa kirekebishwe huku, ni kazi ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na isianzwe zikiwa zimebaki wiki mbili.

Cheti cha ndoa cha Kiswahili kinahitaji tafsiri ya Kiingereza. Si lazima mwanasheria. Mtu yeyote anayezijua vyema lugha zote mbili anaweza kuifanya, aandike kwamba anaziweza na kwamba tafsiri ni kamili na sahihi, kisha aweke jina, saini, anuani na tarehe. Mimi huwa nawaambia watu wasifasiri wenyewe cheti chao, wampe mwingine.

Mkipata watu wawili wanaowajua nyote, waandike barua za kuthibitisha. Barua nzuri ina jambo mtu aliloliona kwa macho yake: nilikwenda kwao siku ya Idi, nilimkuta mume akimvisha mtoto viatu. Ile inayosema "ni watu wema wanaopendana" haimsaidii mtu.

I-751 ukiwa peke yako

Hapa ndipo ninapotaka dada zetu wasome polepole. Wengi wanaamini kwamba bila saini ya mume hakuna kadi, na wako waume wanaolitumia hilo. "Nitakurudisha Pemba" ni maneno niliyoyasikia kwa masikio yangu kwenye ujumbe wa sauti ambao mama mmoja aliniletea nimsaidie kuuhifadhi.

Sheria inaruhusu kupeleka I-751 peke yako kwa sababu nne: ndoa ilikuwa ya kweli lakini imevunjika, mume au mke amefariki, ulipigwa au kutendewa ukatili, au kuondoshwa kwako kutakuletea dhiki iliyopita kiasi. Kwa njia hii dirisha la siku 90 halikuhusu. Unaweza kupeleka mapema, wakati wowote baada ya kupata kadi.

Anayepigwa hahitaji kusubiri talaka. Anapeleka akiwa bado ndani ya ndoa, na maafisa wa uhamiaji wamekatazwa na sheria kumpa mume habari za ombi lake. Ushahidi ni ripoti za polisi, za hospitali, picha, ujumbe, barua za waliosikia. Simu ya taifa ya Marekani ya msaada kwa wanaonyanyaswa nyumbani ni 1-800-799-7233, na mtu anaweza kuomba mkalimani.

Talaka ndiyo yenye mitego kwetu. Kwa fiqhi mume akitamka, imetoka, na mke anaanza eda. Kwa USCIS talaka ni ile iliyo halali kwa sheria za mahali ilipotolewa. Mume akiwa Ohio akamtamkia mkewe aliye Ohio, au akamtumia kwa sauti kwenye WhatsApp, mbele ya sheria ya kule ndoa haijavunjika. Inahitajika hukumu ya mahakama ya jimbo. Nimeona familia inakimbilia kwa Kadhi huku Pemba kupata cheti cha talaka wakati wote wawili wanaishi Marekani. Cheti hicho ni sawa kwa dini na kwa huku, lakini kwa ombi la uhamiaji kinaweza kukataliwa kwa sababu hakuna kati yao aliyekuwa mkaazi wa huku. Kama mnaishi kule, fungueni talaka kule. Ya dini na ya mahakama zinaweza kwenda pamoja, moja haiibatilishi nyingine.

Na ukiwa mlishapeleka ombi la pamoja kisha mkaachana njiani, usinyamaze ukitarajia kadi itakuja tu. Hukumu ya talaka ikitoka, unaiandikia USCIS uombe ombi lile lichukuliwe kuwa la peke yako, huku ukiambatanisha hukumu.

Kwa mjane, cheti cha kifo na ushahidi wa ndoa vinatosha kuanzia. Akiitwa kuchukuliwa alama za vidole yumo ndani ya eda, anaweza kuomba tarehe isogezwe mbele. Asiache tu kwenda bila kusema, maana kutokwenda kunahesabiwa kuwa umeliacha ombi.

Uraia: hesabu ya miaka, na hesabu ya nyumbani

Kuna wanaosema: kwa nini nilipe mara mbili, si bora nisubiri miaka mitatu nichukue uraia moja kwa moja? Haiwezekani. Kadi ya miaka miwili inaisha kabla ya miaka mitatu kutimia, na ombi la uraia haliwezi kukubaliwa kabla masharti hayajaondolewa. Unachoweza ni kupeleka N-400 wakati I-751 bado inasubiri jibu, na mara nyingi afisa huyamaliza yote mawili kwa pamoja. Miaka miwili ya masharti inahesabika.

Miaka mitatu ni kwa anayeishi na mume au mke raia muda wote huo, na huyo mwenzake awe raia kwa miaka mitatu kamili pia. Kama mumeo aliapishwa mwaka jana, hesabu yako ya miaka mitatu haijaanza zamani. Wengine wengi ni miaka mitano, na humo wamo walioachika. Ndani ya miaka mitatu lazima uwe umekaa Marekani kimwili angalau miezi 18, ujue Kiingereza cha kusoma, kuandika na kuzungumza, na ufaulu maswali ya uraia. Kwa waliopeleka kuanzia 20 Oktoba 2025 maswali yako 128. Unaulizwa 20, unatakiwa upate 12.

Mila yetu moja inagongana na hesabu hizo. Binti akishika mimba ya kwanza anakuja kuzalia kwao. Anakuja mimba ya miezi saba kabla ndege hazijamkataa, anajifungua, anakaa arubaini, mtoto anachanjwa, bibi hataki kumwachia, na miezi minane imepita. Safari iliyozidi miezi sita inamtaka aeleze kwa nini isihesabiwe kuwa alihama, na inaweza kumkatia hesabu ya uraia. Ikizidi mwaka bila kibali cha kurejea kilichoombwa kabla hajaondoka, ukaazi wenyewe unaingia hatarini. Mama, ukitaka kumlea mwanao na mjukuu, fanyeni miezi mitano, arudi.

Kuna na suala la mitala. Sheria ya Marekani haimtambui mke wa pili hata nikahi iwe imefungwa kwa masharti yote, na anayeishi kwa mitala hapati uraia. Fomu inauliza wazi. Kaka aliyeoa tena huku likizoni huku mke wa kwanza yuko Minneapolis aijue hukumu hiyo kabla hajajaza chochote, na asimshauri mtu adanganye. Uongo kwenye fomu ile unaweza kumvua mtu uraia hata miaka mingi baadaye.

Zito zaidi ni la kwetu wenyewe. Kwa Sheria ya Uraia ya Tanzania ya 1995, mtu mzima anayejipatia uraia wa nchi nyingine kwa hiari anapoteza wa Tanzania. Na kwa Sheria ya Mzanzibari ya 1985 huwezi kuwa Mzanzibari bila kuwa raia wa Tanzania. Haki ya matumizi ya ardhi Zanzibar, kwa sheria ya 1992, ni ya Mzanzibari. Ukikiunganisha kiapo kimoja cha Ohio na sheria hizo tatu, unaona kinafika mpaka kwenye kiwanja. Hadhi Maalum kwa wenye asili ya Tanzania, ambayo Bunge liliipitishia sheria mwaka 2025, hairudishi uraia, na ardhi ya Zanzibar si jambo la Muungano. Mwenye kiwanja au shamba la mikarafuu la urithi aende Kamisheni ya Ardhi aulize kabla ya kuapa.

Upande wa pili: raia ndiye pekee anayeweza kuwaombea wazazi na ndugu. Mkaazi anaweza kwa mke au mume na kwa watoto ambao hawajaoa au kuolewa tu. Lakini tangu Januari 2026 visa za uhamiaji kwa raia wa Tanzania zimesimamishwa, kwa hiyo anayeukimbilia uraia mwaka huu ili amchukue mama yake, sababu hiyo kwa sasa haimpi alichokitaka.

Maoni yangu? Kama wazazi wako huku, una ardhi, na unafikiria siku moja kurudi, kadi ya miaka kumi inatosha na si aibu kubaki nayo. Kama watoto wako na kazi yako ni vya kule, na kila ukisikia habari za uhamiaji moyo unakudunda, chukua uraia. Mwenye kadi anaweza kuipoteza kwa kosa la jinai au kwa kukaa sana nje. Raia hapotezi uraia wake kwa mambo hayo.

Kama uko Zanzibar sasa hivi na kadi imekwisha

Marufuku ya kuingia Marekani iliyoanza 1 Januari 2026, ambayo Tanzania imo kwenye orodha ya vizuizi vya sehemu, haimhusu mwenye ukaazi halali. Kinachoweza kukukwamisha ni karatasi. Kadi ya miaka miwili iliyoisha inahitaji kuambatana na barua ya mapokezi ya I-751, ile halisi, si picha kwenye simu. Kama barua iko Columbus na wewe uko Mchangamdogo, itumwe kwa posta ya haraka kabla hujakata tiketi. Kama kadi imepotea au huna cha kuonyesha, kuna fomu I-131A: unalipa mtandaoni, kisha unakwenda Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam kupata kibandiko cha kupandia ndege. Unguja hakuna afisi yao. Anayetoka Pemba ahesabu na siku za boti.

Mwanzoni mwa 2026 USCIS pia iliagiza maamuzi ya maombi mengi ya raia wa nchi zilizo kwenye orodha hiyo yasimamishwe kwa muda ili yapitiwe upya. Hii imewatia watu khofu, na wengine wanasema bora wasipeleke kabisa. Hapana. Barua ya mapokezi ndiyo inayokulinda, na hiyo inatoka ombi likipokelewa, hata jibu likichelewa. Anayekaa na kadi ya miaka miwili bila kupeleka hana chochote mkononi.

Na kama kuna talaka, kesi ya polisi, safari ndefu au fomu iliyokwisha kosewa, tafuta wakili, au mwakilishi wa shirika aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani; hao wapo na wengi hawatozi fedha nyingi. Mwenye muhuri wa "notary" kule si wakili, ingawa wako wanaojiita hivyo.

Bahasha ya mdogo wangu ilitoka siku mbili baada ya usiku ule, kwa posta ya kufuatilia, na ikapokelewa tarehe 10 Februari. Barua ya mapokezi ilimfikia Ramadhani imeshaingia. Haikuandikwa tarehe mpya, inasema tu kwamba kadi imeongezewa miezi 48 tangu ilipoisha, kwa hiyo ameikunja pamoja na kadi ndani ya mfuko wa plastiki na anatembea navyo.

Kuanzia 18 Novemba 2026 anaweza kupeleka N-400. Shemegi anataka. Mama amekitoa cheti cha kiwanja cha Jadida kutoka kwenye mkoba wake wa ukili, kimeandikwa jina la mdogo wangu, ameniletea nikitoe kopi tatu na kuniambia nisiskani kwanza mpaka azungumze na mwanawe mwenyewe.